Lindsay Clement Pascoe, Mpiga Zumari wa Okestra ya Ghuba (1951–2025)

Marehemu Lindsay Clement Pascoe alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika mji huu wa Port Carrow, Australia ya Kusini. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Clem Pascoe, mfanyakazi wa kiwanda cha kuyeyusha madini, na mkewe Mavis. Mimi Noreen, ninayesoma hapa, ni mdogo wake wa pekee. Mniwie radhi sauti ikikatika.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapahapa mjini. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, okestra ilikuja shuleni na vyombo, kama ilivyozoea kuzungukia shule zote. Wenzake wakakimbilia ngoma na tarumbeta. Lindsay, mpole tangu utotoni, akafika wa mwisho na kuachiwa obo, zumari ya okestra, ambayo hakuna aliyeitaka. Baba hakufurahi hata kidogo.

"We Lindsay! Umemkanyaga bata huko chumbani?"

"Nafanya mazoezi, Baba."

"Basi kafanyie bandani. Huko mtaelewana."

Akafanyia bandani, kuku wakaacha kutaga, naye akapata nafasi katika chuo cha muziki Adelaide. Alihitimu mwaka 1973.

Februari 1974 aliajiriwa kuwa mpiga zumari wa kwanza wa Okestra ya Ghuba, na hakufanya kazi nyingine maishani. Wasioijua kazi hiyo niwaeleze. Katika okestra, hakuna chombo kinachoanza kabla ya zumari kutoa sauti moja ndefu. Wote huirekebishia vyombo vyao, ndipo muziki uanze. Tete, kile kijiti cha mdomoni cha kupulizia, alilichonga mwenyewe kwa kisu, na tete zuri lilimfia baada ya wiki moja au mbili, akachonga jingine. Kwake hukuweza kuketi kochini bila kuchomwa na vipande vya matete. Asubuhi yeye na wenzake walifundisha mashuleni mpaka huko kwenye mashamba ya ngano, na jioni wakapiga ukumbini, au katika uwanja wa mpira pamoja na nzi wetu. Mzee Kevin wa bucha alikuwa akisema muziki ule hauelewi, anamsindikiza mkewe tu. Mkewe alipofariki, Kevin aliendelea kuja, kiti kilekile.

Tarehe 14 Oktoba 1978 alifunga ndoa na Danuta Wolska, mpiga viola, ile fidla kubwa kidogo, wa okestra hiyohiyo, katika Kanisa Katoliki la mji huu. Lindsay alikuwa apige zumari mara baada ya kiapo, na tete lazima lilowekwe kwanza, basi akasimama altareni nalo mdomoni. Padre alipomuuliza kama anamkubali Danuta, alichotoa ni mlio.

"Kijana," Padre akasema, "toa hicho kijiti. Mungu anataka maneno."

"Mwache, Padre," akajibu Danuta. "Hiyo ndiyo ndiyo yake."

Walijaliwa binti mmoja, Krystyna.

Mwaka 2019 bodi ilitangaza kuifunga okestra. Walisema mji umepungua watu, na siku hizi muziki uko kwenye simu. Onyesho la mwisho lilikuwa Jumamosi, tarehe 30 Novemba. Ukumbi ulifurika, na waliokuwa hawajafika miaka kumi walifika. Kiongozi wa fidla alisimama, akamwashiria Lindsay. Lindsay akailaza zumari magotini, akakaa. Mimi nilidhani anaumwa. Alichosemezana na Danuta, Danuta mwenyewe alinisimulia baadaye.

"Lindsay, toa sauti."

"Nisipotoa hatuanzi."

"Najua."

"Tusipoanza, hatumalizi."

"Mpenzi, watu wamevaa nguo zao nzuri. Toa."

Akatoa. Sijawahi kuisikia sauti ile ikiwa imenyooka vile, na bado nina hasira nayo, kwa sababu kweli walianza, na kweli walimaliza. Jumatatu ukumbi ulitiwa kufuli.

Lindsay alizungukia shule zote za mji akiomba kufundisha bure, apate japo mtoto mmoja. Zilimpa chai tu. Matete aliendelea kuchonga hata mwaka 2022, ugonjwa wa mapafu ulipomwondolea pumzi, akawa anachonga asichoweza kupuliza. Daktari alisema wazi kwamba hakuna dawa. Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, Danuta akiwa amemshika mkono.

Kwa miaka yote hiyo okestra ndiyo iliyowazika kwa muziki watu wa mji huu: waliofia kiwandani, walimu, hata Kevin wa bucha. Ilitosha familia kuomba. Lindsay naye aliniomba jambo hilo moja, wenzake wampigie, na nimewatafuta wote. Mmoja anaendesha lori la mgodini Perth. Mwingine vidole vimekakamaa. Mwingine aliuza fidla yake, akalia kwenye simu mpaka nikamwonea huruma yeye. Wawili wamekuja, wamesimama pale nyuma, mikono mitupu, vyombo hawana tena. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini angalau kinyozi hunyolewa na kinyozi mwenzake. Tulipoambiwa tuweke muziki wa mashine, Danuta alikataa: "Mashine hapana. Afadhali kimya." Basi tutamshusha kimya, na mtakachosikia ni udongo.

Marehemu ameacha mjane, Danuta, binti, Krystyna, na mumewe, wajukuu wawili, na mimi dada yake. Mwanafunzi wa kuirithi zumari hakuacha.

Apumzike kwa amani ambayo sisi tuliobaki hatunayo.