Laban Ndirangu, Kocha Aliyeagwa Mara Tatu

Ndugu, jamaa na marafiki mliokusanyika hapa kanisani kwetu Mesaimeer Ijumaa hii ya tarehe 23 Mei 2025, leo ni mara ya tatu sisi watu wa Doha tunamuaga Laban Ndirangu. Wengi wenu mlichangia zawadi mara ya kwanza, mkachangia tena mara ya pili, na sikusikia mtu akinung'unika. Mimi ni Peninah, mdogo wake, na familia imeniachia kazi ya kuwasomea maisha yake. Nitajitahidi kusoma bila kulia. Nikishindwa, mchungaji ataendelea kutoka nilipoachia.

Marehemu Laban alizaliwa tarehe 8 Septemba 1979 huko Ol Joro Orok, Nyandarua, kifungua mimba wa marehemu Mzee Josphat Ndirangu na Mama Roselyne Wanjiru. Baada yake alifuata Ronnie, kisha mimi. Kwetu ni nyumbani kwa viazi, na mama husema kwamba akimtuma Laban kumenya viazi vya jioni, angemkuta amevipanga sakafuni, timu mbili kamili na magolikipa wao, huku maji yanachemka bure jikoni. Alichapwa kwa hilo mara nyingi. Hakuacha.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini hadi mwaka 1993 na akamaliza sekondari mwaka 1997. Mwaka 1999 alijiunga na Chuo cha Ualimu cha Kirima, nje kidogo ya mji wa Nyahururu, ambako alicheza beki wa kushoto. Niko kanisani, kwa hivyo sitasema uongo: hakuwa beki mzuri. Alikuwa mwepesi wa mdomo kuliko miguu. Kocha wa wakati huo alichoka naye akamweka benchi, na kutoka benchi Laban akaanza kuwaambia wenzake wasimame wapi. Wakawa wanashinda. Nadhani hapo ndipo alipopata kazi yake, ingawa hakuna aliyemwajiri bado.

Baada ya kufundisha shule ya msingi kwa miaka kadhaa, alirudi Kirima Januari 2005 kama mwalimu wa michezo na kocha wa timu ya chuo, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Huko ndiko alikokutana na Edith Gakii kutoka Meru, matroni wa chuo, ambaye ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo ya jezi. Laban alikuwa akienda kuomba jezi hata siku ambazo hakukuwa na mechi. Gakii alimvumilia muhula mzima, halafu akamwambia, "Mwalimu, ukitaka kuongea na mimi, ongea. Hizi jezi zishafuliwa zikachoka." Walifunga ndoa tarehe 11 Agosti 2007, na Mungu akawajalia Olivia mwaka 2009 na Trevor mwaka 2013. Walipewa nyumba ya walimu iliyopakana na kiwanja, na Laban alisema hiyo ndiyo mahari halisi aliyopata, kwa sababu angeweza kunywa chai mlangoni akiangalia nyasi zake. Kwa kweli alikuwa na furaha miaka hiyo. Mwaka 2012 Kirima walichukua kombe la vyuo vya ualimu vya eneo letu, na alilala na kombe hilo chumbani hadi Gakii alipolitoa.

Sasa nieleze jinsi alivyoondoka, maana wengi wenu hamjui. Mwaka 2013 timu ilialikwa kucheza Arusha, na Laban akaenda Nairobi kutafuta pasipoti. Mtu wa kwetu alimwona kwenye foleni. Kufikia Jumapili, habari kijijini ilikuwa kwamba kocha amepata timu Uarabuni na amekwisha saini. Mkuu wa chuo wa wakati huo akasikia, akaumia moyoni kwamba hakuambiwa, akaanza kutafuta kocha mwingine kimyakimya. Nilimsihi kaka yangu aende ofisini akaseme neno moja tu. Akanijibu, "Kocha akianza kujibu tetesi, hatamaliza. Wao wataona nikiwa kiwanjani." Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake, na mimi niliichukia. Mkataba wake ulipoisha Desemba, kiti kilikuwa na mtu. Kwa hiyo yule aliyesemwa anakwenda Uarabuni ikabidi aende Uarabuni.

Alifika Doha Februari 2014 kuwa kocha msaidizi katika chuo kimoja cha binafsi huku Al Rayyan, na kuanzia 2019 akawa kocha mkuu. Nami nilimfuata mwaka huo huo, nikiwa nimepata kazi ya uuguzi. Chuo chake kilimheshimu na vijana walimpenda. Walikuwa watoto wa mataifa mengi, na aliwafundisha kwa Kiingereza, Kiarabu cha kuokoteza, na pale walipomkasirisha, Kikuyu. Walielewa Kikuyu kuliko vyote. Wengine wenu mnaoishi Industrial Area mnajua pia kwamba siku yake ya mapumziko aliitumia kuwafundisha nyinyi, kwenye kile kiwanja cha vumbi nyuma ya karakana, na hakuwahi kuwauliza mko kampuni gani au mnasali wapi.

Lakini roho yake haikuhama Kirima. Hilo naomba lieleweke. Gakii alibaki kule na kazi yake na watoto, na kila timu ya chuo ilipocheza nyumbani, alisimama kando ya mstari akiinua simu ili Laban atazame. Kuna siku nilikuwa naye chumbani kwake mechi ikiendelea, nikamsikia akimwambia, "Gakii, geuza kidogo. Hapana, si wachezaji. Huko chini, kwenye nyasi." Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Alitazama zile nyasi zilizolowa hadi Gakii akalalamika kwamba mkono unamuuma. Nje kwetu Al Rayyan jua lilikuwa linachoma vyuma, na yeye amekaa kitandani amevaa sweta, kiyoyozi amekipandisha hadi mwisho, ili ahisi kama yuko Nyahururu.

Katikati ya mwaka 2022 alisaini mkataba mpya wa miaka mitatu, unaoisha Juni 2025. Wiki chache baadaye simu ikalia kutoka nyumbani. Owen, aliyekuwa nahodha wake wa lile kombe, ndiye sasa aliyekuwa mkuu wa michezo Kirima, na nafasi ya kocha ilikuwa wazi. Alimwambia, "Mwalimu, rudi. Kiti chako tumekipangusa vumbi." Mngeona kaka yangu siku hiyo. Alinipigia nikiwa zamu akanisimulia bila kupumua, halafu akakumbuka mkataba. Ulikuwa na kifungu kwamba akiondoka kabla ya muda, yeye au wanaomchukua watalipa fidia ya muda uliobaki. Chuo cha ualimu cha serikali kitatoa wapi hela kama hizo? Waliokuwa wachezaji wake wakasema hawashindwi, wakaitisha harambee ya kumkomboa kocha. Wengi wao sasa ni walimu wa shule za msingi waliotawanyika kila mahali, wakawa wanatuma walichonacho.

Benard, usijifiche nyuma ya Ann. Tunakupenda na Laban alikupenda. Mnamfahamu Benard, dereva, rafiki wa karibu wa marehemu. Aprili 2023 Benard alimwona Laban dukani akinunua sanduku kubwa la safari. Lilikuwa la Collins, mwenzake wa chumba, ambaye hakupata ruhusa ya kutoka kazini. Lakini Benard alikuja hapa kwenye ibada ya Ijumaa akasema, "Fidia imelipwa. Nimemwona na macho yangu. Mtu hanunui sanduku kubwa hivyo na bado anabaki." Na sisi tuna desturi yetu hapa: anayerudi nyumbani moja kwa moja huitwa mbele, huombewa, na hupewa sanduku lenye zawadi za watoto wake. Ann Jebet, mwenyekiti wetu, akamwita Laban mbele bila kumuuliza. Naye akaenda. Akapiga magoti, akawekewa mikono, akapokea sanduku. Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu nikimtolea macho. Baadaye nikamuuliza kwa nini hakusema ukweli. Akasema, "Walikuwa wananiombea safari njema, Peninah. Ningewaambia waache?"

Ijumaa iliyofuata alikuja kanisani kama kawaida, akasalimia watu, na kila mtu akamuuliza, "Kocha, kumbe bado uko?" Akawajibu, "Niko niko kidogo." Sisi tulicheka. Lakini habari hiyo haikuishia Mesaimeer. Ilifika Kirima kwamba kocha ameachiliwa, Doha imeshamuaga kwa maombi, na walimu wale wakaacha kuchanga kwa sababu kazi imekwisha. Owen alipogundua kwamba si kweli, ilikuwa vigumu kuwaamsha tena. Watu walihisi wamedanganywa. Harambee ikafa, Kirima wakaweka kaimu, na Laban akamtumia kila mtu aliyechanga ujumbe wa shukrani. Hakumtaja Benard hata mara moja, wala hakuniruhusu nimtaje. Leo nimemtaja, na Laban atanisamehe.

Juni mwaka jana uvumi ukaanza tena, kwamba chuo cha Al Rayyan kinaleta kocha kutoka Ulaya na kitamwacha Laban aende bure. Tukamwita mbele tena. Safari ile nilimwona akitembea polepole, na alipopiga magoti alishikilia kiti. Chuo kilileta kocha kweli, lakini wa mpira wa kikapu. Sanduku la pili lilikaa juu ya lile la kwanza, kando ya kitanda chake, na nguo zilizomo katika lile la kwanza Trevor hatazivaa tena, maana amekua.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo ni mimi, Gakii na Owen tu tuliolijua. Januari mwaka huu chuo chake kilimwekea mkataba mpya mezani, mzuri kuliko wote. Hakusaini. Alisema atamaliza Juni kama alivyoahidi, bila fidia, bila kumwomba mtu chochote, na Owen akathibitisha kwamba Kirima wanamngoja Julai. Ilikuwa kweli, ndugu zangu. Nilimwambia tuwaambie watu wa kanisani wafurahi naye. Akakataa katakata. "Safari hii sitaki kuagwa," akasema. "Nikiagwa tu, sitoki." Akanichekea, lakini alikuwa anaogopa, nami nilimjua akiogopa. Alipanga kukaa kiti chake Ijumaa ya mwisho ya Juni, kuimba, kuwasalimia, na kuondoka kama mtu anayekwenda zamu.

Shinikizo la damu lilikuwa limemsumbua tangu mwaka 2021, na alikunywa dawa zake, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya kuniogopa mimi. Jioni ya Jumapili, tarehe 11 Mei, akiwa mazoezini na vijana wake, aliomba kukaa, na alipokaa hakuweza kuinua mkono wa kulia. Kilikuwa kiharusi. Vijana walimbeba wenyewe hadi kwenye gari. Nilikaa naye hospitalini, ambako madaktari na wauguzi walijitahidi, na tunawashukuru. Aliweza kusema maneno machache Jumatatu. Aliniuliza kama Kirima imenyesha. Nikampigia Gakii akatuambia imenyesha, tena sana, na kiwanja hakichezeki. Alifurahi. Alifariki Jumanne, tarehe 13 Mei 2025, kabla ya mapambazuko.

Marehemu ameacha mke wake, Edith Gakii. Watoto wake, Olivia na Trevor. Mama yetu, Roselyne Wanjiru. Ndugu zake, Ronnie na mimi Peninah. Na wachezaji wa vyuo viwili ambao wanalia kwa lugha tofauti. Atazikwa Jumanne ijayo huko Ol Joro Orok, baada ya mwili wake kupitishwa kwenye kiwanja cha Kirima.

Wasifu huu niliukamilisha jana, nikampigia Gakii ili ausikie kwanza. Alisikiliza wote bila kunikatiza. Mwishoni nilikuwa nimeandika kama tunavyoandika sote, kwamba mpendwa wetu ametutangulia, ameitwa nyumbani. Hapo akanisimamisha.

"Hapo futa, Peninah."

Nikamuuliza kwa nini.

"Nyumbani ni huku," akasema. "Na bado hajafika."

Nimefuta. Ndege yake inaondoka kesho asubuhi. Akishafika, apumzike kwa amani.