Aliyemripoti Mama Yake Mzazi

Ndugu, majirani na nyinyi wa maabara, asanteni kwa kuja, kaeni vizuri, maelezo si marefu.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vichupa, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1972, nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, chumba namba sita, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, mkunga alimsubiri siku mbili, akazaliwa mkunga alipotoka kunywa chai.

Alisoma shule ya msingi ya kiwanda 1979 hadi 1985, na akiwa darasa la tatu, Agosti 1981, mdogo wake wa miaka minne alishikwa na homa ya uti wa mgongo, shingo ikakakamaa kama ubao, akalazwa siku kumi na tisa, akapona ila hasikii hadi leo, naye ndiye yule seremala pale mbele, anayeelezwa haya kwa mikono na mkewe. Tangu hapo marehemu aliwachosha madaktari kwa maswali, mpaka akaingia chuo cha maabara 1990, akahitimu 1993, akaajiriwa hospitali ya wilaya Januari 1994.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Septemba 1997 na fundi majokofu, aliyeitwa kutengeneza jokofu la damu, akalitengeneza, kisha akawa anarudi kila wiki kulikagua na hali lilikuwa zima kabisa, wakajaliwa mabinti wawili, 1999 na 2003.

Mwaka 2011 alihamia utafiti wa chanjo ya homa ile ile, unaogharimiwa na shirika la hisani la wazazi waliofiwa na watoto kwa ugonjwa huo, na utaratibu ulikuwa kila mtoto achomwe mara moja, ama chanjo mpya ama ya zamani, kwa bahasha iliyofungwa, asijue mzazi wala mchomaji, kisha damu ipimwe baada ya siku ishirini na nane. Mama yake mzazi hakuyataka mambo ya bahati nasibu, alimtaka amchagulie mtoto wa seremala chanjo mpya, akajibiwa, "Mama, hata mimi sijui ni ipi," mama akaona huyu anaringa tu. Basi Juni 2014, mtoto akiwa keshachomwa kituo cha kwanza, bibi alimbeba hadi kituo cha pili cha utafiti ule ule, labda huko atapata ile mpya, akamwandikisha kwa jina la kubuni, akachomwa tena, na siku ya kutoa damu bibi aliketi kwenye benchi ametulia tuli, asijue kuwa mtoa damu wa pale anaumwa na marehemu ndiye ameshika zamu yake, mlango ukafunguliwa, mtoto akaruka, "Shangazi!"

Msimamizi alitaka yaishe kifamilia, shirika lisije likasikia likaondoka, lakini marehemu alisema, "Wale wamezika watoto, wanataka kujua chanjo inafanya kazi au haifanyi, niwadanganye kwa sababu ya mama yangu?" akaandika ripoti siku hiyo hiyo, akataja jina la mama yake lote, utafiti ukasimama wiki tisa, madaftari yakakaguliwa upya, naye akakaa nyumbani mpaka walipoona hana hatia, na mama yake hakumsemesha mwaka mzima na miezi miwili. Mtoto hakudhurika. Majibu yalipotoka 2017, chanjo mpya ilionekana nzuri, na wakaguzi wakasema wanayaamini kwa sababu ya ripoti ile.

Aliugua kansa ya kongosho Mei 2024, mama yake akamlisha uji kwa kijiko, wakaongea kila kitu, mapazia, majirani, nani kanenepa, ila si hilo, maana kila lilipofika mdomoni mama alisingizia kuwa mgonjwa kalala. Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 52.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, majirani mliopokezana kufua mashuka, wafanyakazi wenzake, na akina mama mliorudisha watoto siku ya ishirini na nane hata walipolia njia nzima.

Mama yake, aliyeandika karatasi hii, anasema mbele yenu nyote kuwa binti yake alifanya sawa na yeye alikosea, na alipaswa kumwambia mwenyewe, alikuwa na miaka kumi ya kufanya hivyo. Pumzika kwa amani, mwanangu, umenishinda.