Mzee Chirau na Bomba la Shahidi

Ijumaa tarehe 30 Julai 1999, Mzee Chirau Boga anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha utafiti wa bahari hapa Mwabungo kwa miaka ishirini na saba. Aliajiriwa Agosti 1972 kuosha chupa na kulinda mashua. Anaondoka akiwa fundi mkuu wa maabara, na anaacha kazi moja haijaisha.

Wengi mnamfahamu kwa kanzu yake ya Ijumaa, kwa "marahaba" anayoitikia bila kuinua macho kwenye mizani, na kwa birika la kahawa ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulisogeza karibu na kemikali. Wakongwe husimulia kwamba mwaka 1989 mgeni mmoja mheshimiwa alinyanyua chupa ya majaribio akidhani ni juisi ya ukwaju. Mzee Chirau alimpokonya kwa adabu nyingi hata mgeni akamshukuru. Hakupata bahati ya kusoma sekondari, lakini mafundi kumi na mmoja wamepita mikononi mwake, na daftari zake za viumbe vya mwambani ndizo tunazokimbilia watafiti wenye shahada tunapobishana.

Kazi iliyomshughulisha zaidi ni ya sifongo moja ya rangi ya chungwa, mnyama asiyetembea, anayenata chini ya miamba kama uyoga. Kemikali yake huzuia mayai ya wale wanyama wa miiba mieusi, wanaochoma nyayo za watalii wa Diani, yasigawanyike. Tangu mwaka 1996 tunajiuliza swali moja: ndani ya yai, kemikali hiyo hushika protini gani? Bila jibu, tuna sumu tu. Tukilipata, huenda siku moja mtu akatengeneza dawa.

Njia tunayoitumia Mzee Chirau huwaeleza wageni kwa lugha ya uvuvi. Kemikali hufungwa kwenye shanga ndogo sana, shanga zikajazwa katika bomba la kioo. Hicho ni chambo. Maji ya mayai yaliyopondwa humiminwa juu yake. Protini zisizohusika hupita. Inayoshikwa na kemikali hubaki, na baadaye huonekana kama mstari wa buluu kwenye jeli, kile kipande laini kama utando tunachotenganishia protini. Lakini kila akipanga bomba la chambo, hupanga na la pili lenye shanga tupu. Hilo huliita shahidi. "Wako samaki huingia kwenye mtego wa dema hata bila chambo," husema. "Huyo usimsifie chambo."

Mwezi Machi alikwenda Msambweni mazikoni kwa siku nne. Shanga zilikuwa zinakwisha, na mkebe mpya ungechukua miezi miwili kufika. Mimi, ili kuziokoa, nikaendesha jaribio bila shahidi. Mstari ukatokea, mnene na safi. Mkurugenzi wetu, Daktari Randu, alipiga simu Nairobi, barua ikatumwa kwa wenzetu ng'ambo, soda zikanunuliwa. Mzee Chirau aliporudi aliinua ile jeli dirishani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hongereni," alisema. "Na shahidi yuko wapi?"

Hakufoka. Alinawa mikono, akapanga mabomba mawili kwa shanga zilizobaki. Siku ya tatu mstari ulikuwapo kotekote. Ilikuwa protini ya kiini cha yai, inayonata popote, hata kwenye shanga tupu. Barua ya kukana niliiandika mimi, naye alivuta kiti akakaa kando yangu mpaka nilipomaliza. "Andika tu, mwanangu. Hii ni fupi kuliko ile ya kwanza." Tangu siku hiyo silali vizuri kabla ya jaribio lolote. Sidhani kwamba hilo ni baya.

Mwezi Mei, mkebe mpya ulipofika, yeye ndiye aliyependekeza bomba la tatu. Tuyape maji ya mayai kemikali huru kwanza, isiyofungwa kwenye shanga, alisema. Protini iliyokwisha kushiba haitagusa chambo. Ukatokea mstari mwembamba kama unywele: upo penye chambo, haupo kwa shahidi, na katika bomba la walioshiba umetoweka. Ndiyo yenyewe. Lakini ni kidogo mno kupelekwa kupimwa ijulikane jina, na kemikali yote tuliyokuwa nayo imebaki tone moja chupani.

Inahitajika sifongo nyingine. Joto la bahari la mwaka jana, lililoyafanya matumbawe kuwa meupe, liliua nyingi. Zilizosalia huota pamoja na nyingine inayofanana nazo kabisa, isiyo na faida, na kipande kimoja cha hiyo kikichanganyika huharibu kazi ya mwezi mzima. Mzee Chirau huvunja kipande cha ukubwa wa kucha na kukinusa. Ile ya kweli, asema, inanuka kama sarafu iliyoshikwa katika kiganja chenye jasho. Amenifundisha tangu Mei. Juni nilikosea nne kati ya kumi. "Nyinyi wa bara, kwenu kila kitu chanuka bahari tu," alinitania. Tulicheka sote wawili, kisha akanipa kipande kingine.

Bahari itakupwa kwa maji ya bamvua, yanayotoka mbali hadi miamba ya sifongo ikawa wazi, saa nne asubuhi, siku ileile ya sherehe. Ndiyo sababu sherehe imesogezwa hadi baada ya sala ya Ijumaa, wala si kwa ajili ya pilau kama ilivyovumishwa. Ukurasa huu unachapwa Alhamisi, kwa hiyo msomaji aliyeketi ukumbini anaweza kujua nisilolijua mimi sasa. Mzee Chirau ameamua twende na ndoo mbili. Yangu nitaijaza mwenyewe, naye hatanisaidia hata kwa jicho. Yake ataijaza yeye, kidogo tu, ili yangu ipimwe nayo. Nilimwuliza itakuwaje zikitofautiana.

"Basi utajua," alisema.

Mabomba yatapangwa Jumatatu. Jumatatu hatakuwapo.

Anarudi Bongwe kwa mkewe, minazi yake na mihogo ambayo, kwa maelezo yake, imekuwa ikimnung'unikia tangu 1972. Kwa niaba ya kituo, tunamshukuru kwa kila chupa aliyoiosha mara mbili na kwa kila furaha yetu ya haraka aliyoizuia. Mzee wetu, Mungu akupe afya, utulivu, na ule usingizi wa mchana ulioukosa miaka yote hii.

Lakini Jumatano usilale. Utabishiwa hodi, nayo itakuwa yangu. Nitakuwa na jeli mkononi, iwe imetoka njema au mbaya, na shahidi atakuwamo.

Everline, Maabara ya Kemia