Bi Mahfoudha binti Nassor na Sura ya Mwisho ya Kitabu cha Wafilipino

Bi Mahfoudha binti Nassor, ambaye matanga yake yanatimia siku ya tatu leo hapa Azaiba, Maskati, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtaa wa Malindi, Unguja. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Nassor bin Khalfan na Bi Shaikha binti Hamed. Mkunga alisema mtoto huyu amekuja na kelele za watu wawili, na waliomjua hawatabisha.

Alianza shule Unguja. Mwaka 1974 familia ilihamia Maskati, naye, msichana wa miaka kumi na minane asiyejua Kiarabu zaidi ya kile cha sala, akaingia masomo ya jioni na kuanza upya pamoja na akina mama wenye wajukuu. Alimaliza sekondari mwaka 1979, akiwa wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa Ruwi, na marehemu hakuacha kudai kwamba yule bibi alipendelewa.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika chumba cha kumbukumbu cha wizara moja, Al Khuwair, akakaa huko miaka thelathini na miwili akipanga majalada kwa miaka yake. Kazi hiyo ilimwingia mwilini, hata bizari jikoni kwake zilikuwa na tarehe. Mwaka 1981 aliolewa na Bwana Yaqdhan bin Said, fundi umeme, wakajaaliwa watoto wawili.

Mwaka 2018 figo zake zilishindwa kazi. Mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, alilala kwenye mashine ya kusafisha damu. Nesi wake, Marivic, Mfilipino, alikuwa na kitabu chembamba mfukoni. Walizungumza kwa Kiarabu na Kiingereza vilivyochanganywa. Kiswahili cha hapa ni cha bintiye, Noof, anayewasomea wasifu huu.

"Unasoma nini?" marehemu alimuuliza Marivic.

"Hadithi za kwetu, mama."

"Basi nisomee na mie. Nna saa nne hapa, siendi popote."

Ndivyo alivyopata kazi yake ya mwisho: kuandika kwa Kiswahili, zama kwa zama, jinsi fasihi ya Wafilipino ilivyokua. Daktari hakumficha kwamba moyo nao umechoka. Alitaka sana kitabu kiishe yeye akiwa hai.

Daftari la kwanza alilianzia na mapadri wa Kihispania na vitabu vyao vya sala, kwa kuwa hapo ndipo karatasi zenye tarehe zilipoanzia. Marivic alifasiriwa mwanzo huo, akauliza, "Kwani kabla ya Wahispania tulikuwa mabubu, mama?"

Marehemu aliona haya. Huyu ndiye aliyewahi kutoka karamu ya harusi, na biriani halijapakuliwa, kwa sababu mgeni mmoja alisema Kiswahili kilianza Waarabu walipofika pwani. Akalichana daftari zima, kazi ya miezi minane, akaanza tena na vitendawili vya mashambani, tenzi zilizoimbwa usiku kucha, na herufi za kale zilizochorwa kwenye mianzi.

Kutoka hapo hakusimama. Aliandika juu ya mateso ya Yesu yaliyoimbwa kwa beti wakati wa Kwaresima, na juu ya malenga waliosimulia visa vya wana wa wafalme wa nchi za mbali ili kuificha ndani yake dhiki ya nchi yao. Aliandika juu ya riwaya zilizowakasirisha watawala, kisha juu ya shule za Wamarekani waliowarithi Wahispania, ambamo kizazi kimoja tu kilitosha vijana kuanza kutunga hadithi fupi kwa Kiingereza. Wajapani walipoivamia nchi na kukibana Kiingereza, Kitagalogi, lugha ya wenyeji, kikapata nafasi ya kupumua. Sura ya utawala wa kijeshi, waandishi walipofungwa na michezo ikaigizwa mitaani, aliiandika huku akilia, naye hakuwa mtu wa kulia.

Ikabaki sura ya leo, ya wale waliotoka kwao kutafuta kazi. Alimtaka Marivic aiandike.

"Mimi nesi tu, mama. Naandika kwenye simu siku ya mapumziko, ili nisilie."

"Na hao wote tuliowaandika, unadhani hawakuwa na kazi nyengine? Nikiandika mie, itakuwa yaleyale ya kusemewa. Andika!"

Marivic alikataa kwa miaka miwili. Marehemu aliandika kichwa cha sura, akaacha kurasa kumi na moja nyeupe. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 11 Februari 2025, baada ya sala ya Alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe. Kurasa zilikuwa bado nyeupe, na hilo lilituuma sana.

Jana Marivic alikuja matangani moja kwa moja kutoka zamu, na viatu vyake vya kazini. Akaketi kati ya wanawake, akatoa karatasi zilizokunjwa, zimejaa mwandiko wake kwa Kitagalogi.

"Samahani nimechelewa," alisema. "Kumi na moja hazikutosha."

Marehemu ameacha mume, Bwana Yaqdhan, watoto, Noof na Aflah, dada yake, Bi Sabah, wajukuu watano, na kitabu kilichokamilika, chenye majina mawili kwenye jalada. Mola amsamehe, ampanulie kaburi lake, na ampumzishe kwa amani. Amin.