Maisha ya Fundi Cheche, Mpima Moto wa Magari

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na nyinyi mafundi mliokuja na mikono iliyoishinda hata sabuni, familia imenituma mimi, mtoto wa dada yake, nisimame mbele yenu niwasomee maisha ya mjomba wangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Cheche, na wengine, najua mko hapa, mlimjua tu kama yule mzee anayeharibu redio za mtaa. Yote mawili ni kweli, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda mtu asifiwe uongo, hatutaanza leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1948, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na mashine ya kusaga nafaka, akiwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa mpaka rangi na mshona magodoro, na mama yangu, aliyekuwa dada yake mkubwa na ndiye aliyembeba mgongoni, alisimulia hadi uzee wake kwamba mtoto yule alikuwa mpole kupita kiasi, akiwekwa mahali anakaa hapohapo, na kwamba zaidi ya mara moja walikwenda zao wakamsahau.

Alianza shule ya msingi Januari 1956, akawa mwanafunzi wa wastani katika kila somo isipokuwa umeme, ambao haukuwamo kwenye ratiba, na mwaka 1962 aliifungua kengele ya umeme ya shule ili aone kinachoifanya ilie, akashindwa kuirudisha, hivyo wanafunzi wakaitwa darasani kwa rimu ya lori iliyogongwa kwa boliti mpaka mwaka ukaisha. Tangu hapo hakufungua kitu chochote bila kuzipanga skrubu zake kwenye kisahani kwa mpangilio uleule zilivyotoka, na mke wake baadaye alilalamika kwamba nyumba ile ina visahani kumi na viwili na hakuna hata kimoja cha kuwekea kikombe. Alijiunga na chuo cha ufundi Januari 1964, akahitimu umeme wa magari Novemba 1966.

Tarehe 2 Januari 1967 aliajiriwa katika karakana ya kampuni ya mabasi, akaanza kwa kufagia na kuosha plagi kwa petroli, na mwaka 1971 akakabidhiwa mashine ya kupimia moto, ambayo vijana waliopo hapa hawajapata kuiona, kwa hiyo naomba niieleze. Ni meza ya chuma yenye mota, unafunga juu yake kile kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi, mota inakizungusha, na cheche zinaruka ndani ya duara lenye alama za digrii, cheche isiporuka mahali pake unaiona, na pembeni kuna chumba kidogo cha upepo chenye kidirisha cha kioo, humo plagi inapimwa ikiwa imebanwa kama iliyo ndani ya injini, kwa sababu, kama alivyozoea kuwaambia wanagenzi wake, plagi hewani zote ni mashujaa. Hapo ndipo alipopata jina lake, na kwa miaka zaidi ya thelathini hakuna basi lililotoka getini kabla ya yeye kuinama juu ya kile kidirisha, akaitikia kwa kichwa au akanyamaza, na akinyamaza dereva alijua ashuke.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na karani wa posta, mwanamke mcheshi aliyeongea kwa niaba ya wote wawili, ambaye alisema alimkubali kwa sababu alikuwa mwanamume wa kwanza kumsikiliza mpaka mwisho wa sentensi, na ambaye aliiita ile mashine ya karakana mke mwenza, akiiulizia hali kila jioni. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, binti yao, aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1978, ambaye leo ni mwalimu, yuko hapa mbele yetu, na alisafiri siku nzima kufika.

Mwaka 2003 kampuni ilipata magari mapya yanayojipima yenyewe kwa kompyuta, kipya kinyemi ingawa kidonda, na mashine ikapangwa kwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ndipo marehemu, alipoulizwa angependa zawadi gani ya kustaafu, akasema anaitaka hiyo, wakacheka, wakampa, akaisukuma hadi nyumbani kwa mkokoteni. Mkewe aliposikia mlango ukigongwa na chuma alitoka, akaitazama, akasema, "Karibu mke mwenza, lakini sebuleni hulali," na kwa miaka mitatu mashine ilikaa kwenye kibaraza chini ya turubai. Mke huyo alifariki dunia kwa ugonjwa wa figo tarehe 11 Agosti 2006, na wiki iliyofuata marehemu aliiingiza mashine sebuleni.

Ndugu zangu, kuanzia hapa historia hii ni ya upweke, na familia imekubali isomwe hivyo. Nyumba ilinyamaza, meza ya kulia ikawa meza ya kazi, na katika viti vinne vya meza ile kimoja alikalia yeye na vitatu vikabeba koili, mota ndogo na mikebe ya kondensa, wala hapakuwa na ubaya, kwani hakuna aliyekuja kukaa. Watu wenye magari ya kale, na mafundi wachache waliobaki na mashine za kupimia za miaka hiyo, walisikia habari zake, wakamtumia mashine zao mbovu kwenye mabasi ya vifurushi, naye alizifungua, akasuka nyaya upya, akabadili vioo vilivyofifia, akazirudisha kwa njia ileile, kwa hiyo kazi ilikuwepo, mikono haikulala, ila mashine zilikuja zenyewe na kuondoka zenyewe, na mlango wake haukugongwa na mtu. Hicho ndicho kilichomla. Mwaka 2009 binti yake alimchukua akakae naye, akakaa miezi minne, akatengeneza pasi, feni, kengele ya mlango, na vitu viwili ambavyo havikuwa vibovu, halafu akaomba kurudi kwake, na binti alimwelewa ingawa alilia. Sisi wengine tulipiga simu sikukuu kwa sikukuu, na fimbo ya mbali haiui nyoka.

Machi 2014, katika nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta na yake, alihamia fundi wa kushona nguo, mjane, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Cherehani, na ambaye hakushona bila redio. Sasa, cheche ikiruka inatupa kelele hewani, na redio ya kizamani iliyo karibu inazidaka kelele hizo zote, kwa hiyo kila saa kumi alasiri marehemu alipowasha mashine, redio ya jirani yake ilianza kukaanga, taarifa ya habari ikawa vipande vipande, mpaka siku moja mama huyo akaja na futi yake shingoni, akagonga mlango, akasema, "Fundi, mimi sijakukosea kitu, kwa nini unaniharibia habari?" Marehemu alishikwa na aibu, akaondoa koili kwenye kiti kimoja, akamkaribisha, akamwandalia chai, akamwonyesha cheche zikizunguka kwenye duara, na mama akasema kwamba ni nzuri, lakini yeye anataka habari.

Hapo marehemu alifanya kosa ambalo fundi mzuri tu ndiye angelifanya, naye alilifanya kwa moyo wote. Alijenga sanduku la bati la kuifunika mashine, lenye kifuniko cha skrubu nne, akaweka kondensa za kumeza kelele kila zilipozaliwa, akateremsha waya mnene hadi ardhini, na kazi ilipokwisha redio ya jirani ikawa safi kama imenunuliwa leo, mama akapitisha asante dirishani bila kuingia, na mlango haukugongwa tena. Alikuwa ameutibu ugonjwa uliomletea mgeni. Alimwambia binti yake kwenye simu kwamba kazi imetoka vizuri mno, na binti anasema hajawahi kumsikia baba yake akiisikitikia kazi nzuri.

Baada ya wiki chache redio ikaanza kukaanga tena, Mama Cherehani akaja, akaelezwa kwamba kifuniko kimelegea, akaketi, akanywa chai, akaondoka. Wiki iliyofuata kikalegea tena. Mama huyu, ambaye ndiye aliyetusimulia haya na kuturuhusu tuyasome, anasema mara ya tatu aliona skrubu zote nne zimepangwa kwenye kisahani, kwa mstari, na hakuna kifuniko duniani kinacholegea kikajipangia skrubu zake, aliona pia kwamba kile kiti hakikuwa tena na koili hata moja, lakini alikunja mikono tu, akagomba kama kawaida, "Fundi wewe, utanizeesha kabla ya siku zangu," naye akajibu, "Samahani, mama, kimenishinda." Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na marehemu alipona, akaanza kunyoa ndevu, akanunua sukari. Mtaa una macho, na mdomo pia, ukasema uliyoyasema, na Mama Cherehani ameniagiza niwajulishe hapa kwamba kulikuwa na chai, kulikuwa na kugombezwa, na kwa watu wawili waliokuwa wakila peke yao hayo si machache.

Kuhusu ugonjwa, Februari 2021 marehemu alianguka bombani, akapelekwa hospitali, ikaonekana moyo wake unaruka mapigo, naye akasema kwamba anauelewa ugonjwa huo kuliko daktari anavyodhani, na tarehe 4 Machi aliwekewa kifaa cha kuongoza mapigo, akaonywa asisogelee kitu chochote kinachorusha cheche za umeme. Binti yake alimsihi aiuze mashine. Hakukataa wala hakukubali, alitafuta mpini mrefu wa ufagio, akaufunga ndoano, akawa anasimama kwenye mlango wa jikoni na kuivuta swichi kutoka huko. Na lazima isemwe, kwa sababu sisi hatukujua mpaka juzi, kwamba mashine ya mwisho ya mteja ilikuwa imeondoka Novemba 2020, hapakuwa na kifaa chochote cha kupimwa, duara lile lilizungusha cheche bure, na binti yake alipomuuliza kwenye simu anatengeneza nini siku hizi, alijibu kwamba ana kazi moja tu hapo, haijaisha.

Jambo jingine ambalo hatukulijua ni kwamba tangu mwaka 2018 Mama Cherehani alikuwa amenunuliwa na wanawe simu inayopokea redio, ambayo cheche haziigusi, akawa anasikiliza habari humo, huku ile redio ya zamani akiiwasha saa kumi alasiri juu ya kabati, asiisikilize, ili ajue kama ameitwa.

Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2023, saa kumi ilifika, redio ya kabatini ikaongea bila mkwaruzo, mama akaendelea kushona pindo, ikapita nusu saa, ikaongea bado, na kwa mara ya kwanza alikwenda kugonga mlango ule kwa sababu hapakuwa na kelele. Alimkuta sakafuni kwenye mlango wa jikoni, anapumua, mpini kando yake, kifuniko kimekwisha kufunguliwa. Alimwita dereva wa teksi wa nyumba ya mbele, wakambeba hadi hospitali, na mama akakaa naye usiku kucha kwenye kigoda, maana binti alikuwa bado njiani. Alfajiri marehemu alifumbua macho, akamtambua, akamuuliza kwa sauti ya chini redio ilikuwaje, na mama akamwambia, "Mbaya sana, Fundi, sikusikia hata neno moja, ndiyo maana nimekuja." Marehemu akatabasamu, akasema kwamba atakifunga kesho. Alifariki dunia muda mfupi baadaye, Jumatano tarehe 18, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, na mkono wake ukiwa umeshikwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walioulinda moyo wake kwa miaka miwili zaidi ya tuliyotarajia, inamshukuru dereva wa teksi, ambaye hakuuliza nauli wala njia, inawashukuru majirani kwa kuvumilia, na wenzake wa karakana, ambao leo wameliosha lori lililobeba jeneza na kuhakikisha linawaka kwa mara ya kwanza bila kusukumwa. Kwa Mama Cherehani tulikaa kikao tukatafuta neno, hatukulipata, binti wa marehemu akasema basi tumwite dada, na dada tumemwita.

Jana saa kumi alasiri, nyumba ikiwa imejaa watu na vile viti vitatu vyote vimekaliwa, dada huyu alipita kwake mara moja, akaiwasha redio ya kabatini, ikasema habari wazi kabisa tangu mwanzo hadi mwisho, akaizima, akarudi, akaniomba nisiliandike hilo, nami nimeliandika, kwa sababu ndiyo sifa pekee ambayo mjomba angeikubali. Fundi, kazi imekwisha. Pumzika kwa amani.