Mzee Ndambiri na Bamba Lililopakwa Mafuta ya Kondoo

Mzee Ndambiri wa Ireri anastaafu tarehe 31 Desemba 1959, baada ya miaka kumi na minane hapa kituo cha utafiti, Embu. Nimeambiwa niandike kwa heshima. Nitaandika kwa heshima, lakini uongo sitaandika. Mimi Rwamba nimempikia chai huyu mtu tangu nikiwa na meno yote, na sasa nina wajukuu.

Alianza kwa kufyeka nyasi. Alifyeka vizuri mno, hata maua ya bwana mkubwa akayafyeka, ndipo akaingizwa ndani asiharibu tena. Huko Daktari Marcella, mtafiti mwenye mitungi ya hidrojeni, alikuwa akitafuta mtu wa kusafisha vyombo.

Wasiojua wasikilize. Hidrojeni ni hewa, na iko ya namna mbili, nyepesi na nzito. Ni mapacha, ila mmoja amebeba mzigo. Ukiziachilia kwenye bamba safi la nikeli, zinajishika juu yake. Nyepesi hufika haraka na kuondoka haraka, kama mgeni mwenye adabu. Nzito huja polepole, na ikishakaa haibanduki mpaka uongeze moto, kama shemeji yangu Njagi. Daktari alikuwa anapima tofauti hiyo.

Mwaka wa 1955, wakati wa Hali ya Hatari, mkubwa kutoka Nairobi akaja kuona kama kazi hiyo ina maana. Asipoona kitu, chumba kinafungwa, pasi zetu za kutokea kijijini kuja kazini zinachukuliwa, na sisi tunapelekwa kuchimba handaki la kuzunguka kijiji, askari wakitusimamia. Mgongo wa Ndambiri haungemaliza wiki, na alijua. Basi akafanya nini? Akafanya vile kila mtu wa huku hufanya na panga jipya lisishike kutu. Akalipaka bamba mafuta ya kondoo, likang'aa kama kipara cha chifu!

Daktari akafungulia hewa. Nyepesi ikakataa kushika, nzito ikakataa. Akakaza kila skrubu, jasho likimtoka. Alipolipasha bamba moto, chumba chote kikanukia nyama. Mkubwa akauliza kama chakula kiko tayari.

"Ndambiri, umepaka nini hapo?" nikamuuliza.

"Kidogo tu, mama. Lipendeze."

"Limpendeze nani? Wewe mzee mzima, unataka kutupeleka sote kwa handaki?"

Nikamsukuma mbele ya Daktari akaseme mwenyewe. Akasema. Daktari akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha wakalichemsha bamba kwa magadi, wakalisugua, wakalichoma hadi mafuta yakaisha. Mimi nikamshikilia mkubwa kwa nduma za kuchemsha na chai, nikimjazia kikombe kila alipoangalia saa. Jioni wakajaribu tena. Nyepesi ikatangulia, nzito ikaja nyuma, kila moja na mstari wake kwenye karatasi ya vipimo. Mkubwa akasema kazi iendelee, na pasi zetu zikapigwa muhuri.

Tangu hapo Ndambiri huosha bamba kama anayeosha mtoto mchanga. Hilo namsifu, lakini asivimbe kichwa.

Waliochimba lile handaki, wengine leo wanatembea wameinama. Yeye anatoka langoni wima, kwenda shambani kwake Runyenjes. Mzee, mgongo huo ulipona kwa chupuchupu, usiende kuuvunja kwa kumwonyesha mkeo Wanjira nguvu za ujana. Asante kwa kazi. Sisi wa kituo tunakuombea uzee mtulivu, chai isiyopoa, na mtu wa kukugombeza nikiwa mbali. Tembea hivyo hivyo, umenyooka.