Mzee Gundi na Ubeti Uliokosekana

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuwatangaza wanamuziki wetu, Mzee Gundi anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina lake halisi lipo kwenye faili, lakini hata mkewe akipiga simu ofisini humuulizia Gundi.

Alianza na ndoo, brashi na mabango ya karatasi. Kila aliyemruhusu kubandika ukutani kwake alimwandika daftarini: jina, kazi, na wimbo anaoupenda. Mtandao ulipoingia, aliambiwa apumzike. Wapi! Alinunua miwani mpya akaanza kuwajibu mashabiki mtandaoni, mmoja mmoja, akimalizia na "Wako katika kazi, Gundi." Sisi vijana wa idara tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kicheko kilikatika mwaka juzi. Mwimbaji wetu, yule binti tunayemwita Kinanda, alikuwa na wafuasi laki mbili wa kubofya tu. Onyesho lake lilipata watu kumi na tisa, tukiwemo sisi. Wakubwa wakatoa mwezi mmoja: wimbo mpya usipovuma, mkataba unakatwa. Ndipo Gundi, akitaka kumtumia prodyuza wimbo usio na ubeti wa pili, akautuma kwenye kundi la simu la mashabiki mia nne wa daftarini. Kabla hajaufuta, ulishasikilizwa. Alivua miwani. Binti alilia, nami, nakiri, nilimfokea mzee wa watu.

Kumbe mashabiki walidhani wameombwa msaada. Fundi cherehani akajirekodi akiimba ubeti wake huku mashine inanguruma. Kinyozi akaleta wake, muuguzi wake, wakazisambaza video kwa ndugu na majirani. Wiki mbili hazikuisha, wimbo uko kila kona, na ubeti wa fundi cherehani ndio mnaousikia hadi leo. Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa pomoni. Kinanda alisaini mkataba wa miaka mitatu mbele ya umati, Gundi yuko mlangoni anawasalimu watu kwa majina.

Asante, mzee wetu, kwa kazi, na kwa kunisamehe. Tunakutakia afya tele na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu. Daftari umetukabidhi, ila kundini umekataa kutoka; unasema kuanzia Jumamosi wewe ni shabiki wa kawaida. Karibu sana. Ukituandikia, tutakujibu.